Asali ya Kitui kwenye Meza ya Hyattsville

Wiki iliyopita nilikuwa na shughuli kwenye ofisi za kaunti kule Upper Marlboro. Ilikuwa shughuli ya karatasi mbili na sahihi moja, lakini nilitoka nyumbani mapema mno. Niliogopa msongamano wa magari, nikaogopa kukosa mahali pa kuegesha, nikaogopa pia kwamba huenda ofisi zimefungwa bila taarifa. Hazikufungwa. Nilifika saa moja na nusu kabla ya wakati wangu, na badala ya kukaa kwenye gari nikikagua kitambulisho mara ya tano, nikaendesha polepole kwenye barabara za nje ya mji. Ndipo nikapita pale palipokuwa shamba la maboga. Sasa ni nyumba za kuishi, zote za rangi moja. Ghala jekundu halipo, uzio wa mbao haupo, umebaki mteremko tu, nao umepandwa nyasi fupi kama zulia. Nikaegesha kando, nikawasha taa za tahadhari, nikakaa.

Kama umelea watoto huku, au wewe mwenyewe umekulia huku, unayajua mashamba hayo. Oktoba ikifika, unapanda trela lenye marobota ya nyasi kavu, trekta linakuvuta hadi katikati ya shamba, unachagua boga, unapiga picha, unarudi na matope kwenye viatu. Sisi tulikwenda mara moja tu tukiwa familia nzima. Nilikuwa na miaka kumi, na ulikuwa mwaka ambao nyanya alikuja kukaa nasi miezi sita.

Tulikaa ghorofa ya pili katika jengo la matofali huko Hyattsville. Baba alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, mama alitunza wazee katika nyumba ya wagonjwa. Nyanya, mamake baba, alitoka Kitui. Mama ni mtu wa magharibi ya Kenya, kwa hivyo lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili. Mimi nilikielewa chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, mpaka nyanya alipokuja. Yeye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, basi ikanibidi nifungue mdomo.

Alikuja kwa sababu ya baba. Daktari alikuwa amemwambia sukari yake imepanda, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeanza kufa ganzi. Alipewa hadi mwisho wa Novemba abadilishe chakula. Sukari isiposhuka, angeanza sindano. Niliyasikia hayo nikiwa kwenye kochi, nikijifanya nimelala. Kanisani kwetu kulikuwa na mzee aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Kila Jumapili niliangalia mguu wa suruali yake uliokunjwa na kufungwa kwa pini, kisha nikaangalia viatu vya baba. Niliviangalia sana viatu vya baba mwaka ule.

Nyanya alishuka uwanja wa ndege na masanduku mawili. Moja lilikuwa na nguo zake na nyuzi za katani. La pili lilikuwa na unga wa wimbi, kunde zilizokaushwa, mbaazi, na katikati, imefungwa kwa leso tatu, jerikeni ya lita tano ya asali. Kabla hata ya kuvua viatu aliiweka juu ya meza yetu ya kulia, akaipigapiga ubavuni kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Mwanangu hatachomwa sindano na mimi niko hai," akasema.

Siku iliyofuata jikoni kukawa kwake. Mfuko wa sukari ulitoka, soda zikatoka, mikate ya maziwa ikatoka, na zile nafaka za rangirangi nilizozipenda zikatoka pia. Asubuhi nyumba ilinuka uji wa wimbi. Jioni kulikuwa na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akiyapika na maharagwe mpaka yalainike, na mafuta akitia kijiko kimoja tu kwa sufuria nzima. Sukuma alizikata akiwa amezishika mkononi, bila ubao, nyembamba kama uzi, na sauti ya kile kisu ilikuwa kama mtu anayepiga hatua kwenye majani makavu. Alipima chakula cha baba kwa ngumi yake mwenyewe. Ugali ukizidi ngumi, aliumega na kunipa mimi.

Na kila kitu kilichohitaji utamu kilitiwa asali. Vijiko viwili kwenye chai ya baba, kimoja kwenye uji, kimoja cha kulamba kabla ya kulala. Marehemu babu alikuwa na mizinga juu ya migunga, na nyanya alikuwa ametibu watoto wake sita kwa asali: vikohozi, vidonda, hata mtoto aliyeungua maji ya moto. Kwake sukari ilikuwa kitu cha kiwandani, lakini asali ilikuwa dawa. Hakuona hata sababu ya kulijadili.

Kliniki ilikuwa imempa baba karatasi ya vyakula vya kuepuka, na mama akaibandika kwenye mlango wa friji. Siku ya tatu au ya nne nyanya alinisimamisha mbele yake.

"Hebu nisomee hii. Isome yote."

Nikasoma, nikitafsiri kwa kusitasita: sukari, soda, maji ya matunda, mkate mweupe, wali mweupe. Mstari uliofuata ulikuwa wa asali. Nilimwangalia nyanya. Alikuwa ameshika kijiko, anakubali kwa kichwa, ameridhika, kila nilipotaja kitu alichokwisha kukitupa. Nikauruka ule mstari, nikasoma viazi.

"Umeona?" akasema. "Daktari wenu anajua kidogo."

Huenda unadhani mtoto angesahau. Mimi sikusahau. Nilijiambia labda karatasi ilikuwa na maana ya asali ya dukani. Nilijiambia watu wazima wanajua. Halafu siku moja nikamwona mama akimwaga nusu ya chai ya baba kwenye sinki, haraka, nyanya alipokwenda kuchukua leso, na kujazia maji moto. Macho yetu yakakutana. Mama akafungua bomba likatoa sauti kubwa. Kwa hivyo alijua. Lakini yeye alikuwa mke wa mwana, tena si mtu wa Kitui, na mgeni yule alikuwa amevuka bahari na dawa sandukuni. Angeanzia wapi? Baba naye alijua kusoma kuliko sote. Kila asubuhi alijifungia bafuni na kipimo chake, akatoka akisema, "Iko sawasawa," na hakuna aliyeuliza ni ngapi.

Nikitoka shule, nyanya alinifundisha kusuka kiondo. Katani ilipokwisha, tulifumua sweta kuukuu tulizopata kwenye duka la mitumba, yeye akizisokota nyuzi kwenye paja lake kwa kiganja, mara moja mbele, mara moja nyuma, na uzi ukatoka mgumu kama waya. Paja langu liliwaka moto na uzi wangu ukabaki laini. Nilikuwa nikifumua kila mstari niliousuka, nikiona umepinda. "Wewe utasuka kitako cha kiondo mpaka uolewe," alikuwa akiniambia. Kila siku nilitaka kumwambia juu ya ule mstari wa asali. Badala yake nikauliza rangi gani inafuata.

Jumamosi moja ya Oktoba, mama na baba wakapata mapumziko siku moja, jambo lililotokea kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Mama akasema nyanya aone majani yanavyobadilika rangi. Tukaenda Upper Marlboro, nyanya kiti cha mbele, amevaa koti la baba juu ya leso juu ya sweta.

Trela lilipotushusha kati ya maboga, alisimama akatazama. Maboga yalilala hadi mwisho wa macho, na watu wameyakalia, wanapigwa picha.

"Wanayapika namna gani yote haya?"

Nikamwambia hawayapiki, wanayachonga macho na meno, wanaweka mshumaa ndani, halafu wanayatupa.

"Wanachonga macho chakula?" Akamgeukia baba. "Na hawa ndio waliowapa ninyi kazi?"

Kisha akainama. Sote tulidhani amechagua boga. Kumbe alikuwa akichuma majani, yale machanga ya ncha yaliyobaki bila kuchomwa na baridi, akiyamenya nyuzi papo hapo na kuyatia kwenye leso. Baba akaangalia huku na huku.

"Mama, watu wanakuja hapa kupiga picha, wewe unavuna!"

"Picha inaliwa na ugali?"

Nikatumwa kumuuliza msichana wa shamba kama inaruhusiwa. Alinifanya nirudie swali mara mbili, akacheka, akasema tuchukue tutakavyo. Mama naye akaanza kuchuma. Baba alishindana nao dakika moja hivi, kisha akajiunga. Nina hakika hatumo kwenye picha nzuri ya mtu yeyote siku ile, ila tulionekana nyuma ya nyingi, tumeinama.

Karibu na ghala jekundu kulikuwa na mzee anayeuza asali. Alikuwa mtu mweusi wa hukuhuku, mrefu, kofia imefifia, na vidole vinene vya mtu anayefanya kazi na mikono. Nyanya aliona chupa kutoka mbali na akaenda moja kwa moja, mimi nyuma yake kama mkia. Mzee akampa kijiti aonje. Nyanya alifumba macho.

"Muulize nyuki wake wanakula maua gani."

Mzee akaonyesha miti mirefu nyuma ya shamba, inayotoa maua kama vikombe kila mwisho wa masika. Nyanya akamweleza migunga. Mzee akauliza mizinga ya kwao ikoje. Nyanya akachora hewani gogo lililotobolewa, limening'inia juu, na mtu anayepanda kwa kamba na moshi mkononi. Mzee alicheka akapiga goti. "Mwambie nyanya yako mimi nina maboksi, na bado wananiuma." Walielewana vizuri kuliko nilivyowahi kumwona nyanya akielewana na mtu yeyote huku, na mimi nilikuwa katikati, nikitafsiri, nikifurahi. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayejitambulisha kwa mwenzake wa kazi: "Mwambie mwanangu ana ugonjwa wa sukari, nami namtibu kwa asali. Muulize yeye ametibu wangapi."

Nikatafsiri. Sijui kwa nini sikulibadilisha swali; huenda kwa sababu nilikuwa nimeshika kasi. Mzee akaacha kucheka. Akafunika chupa, polepole.

"Hapana, mama," akamwambia nyanya moja kwa moja, kisha akanitazama mimi. "Mwambie asimpe. Mimi mwenyewe ninayo sukari, miaka mingi. Silambi hata kidole. Mke wangu ndiye anayeonja."

"Amesema nini?" nyanya akauliza.

Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, amekumbatia boga. Alikuwa amesikia. Nikafikiria nikisema ametibu wengi, tutarudi nyumbani na kila mtu atakuwa na furaha. Nikafikiria nikisema sijaelewa. Nikafikiria yule mzee wa kanisani na pini yake. Nakuambia nilifikiria mambo kumi, lakini nyanya alikuwa akisema nilijibu papo hapo.

"Amesema yeye pia ana sukari. Haonji asali. Anasema asali ni sukari."

"Anauza kitu asichokila?"

"Anasema usimpe baba."

Nyanya alimtazama yule mzee, akamwona anatikisa kichwa, bila kiburi, kama mtu anayetoa pole. Kisha akanigeukia.

"Ile karatasi ya friji. Asali imo?"

"Imo."

"Nilikuambia uisome yote."

Nikaanza kulia. Hakunigombeza. Alimgeukia mama.

"Na wewe, mwanangu, unayeshinda na wagonjwa kila siku. Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambiaje? Umeileta kutoka kwako. Nilikuheshimu."

"Na ungemzika kwa heshima hiyo?"

Mama akaliweka boga chini. Wakati huo baba alikuja mbio, amejaa furaha, mahindi ya kuchemsha mkononi. "Sasa mmesimama hapa kama mnangoja basi? Trela la mwisho linaondoka!"

"Wewe pia ulisoma mpaka chuo," nyanya akamwambia. "Leo asubuhi kipimo kilisema ngapi?"

Baba akamtazama mama, akanitazama mimi na makamasi yangu, akamtazama muuza asali, ambaye alikuwa amejishughulisha na kupanga chupa zilizokwisha pangika. Akaitaja namba. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mimi nilielewa.

"Nilipenda," akasema baba. Alikuwa mtu mzima mwenye mahindi ya kuchemsha mkononi. "Ni asali ya nyumbani, Mama. Nilipenda tu."

Tukarudi nyumbani. Nyanya hakuvua koti. Aliichukua jerikeni, iliyokuwa imefika nusu, akaniambia nifungue mlango, tukashuka ghorofa ya chini kwa jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyekuwa akituletea sombe, ile mboga yao ya majani ya mhogo, kila mwisho wa mwezi.

"Mungu wangu, Mama! Yote hii?" jirani akasema. "Vraiment, kweli munaniletea yote? Batoto bangu beko na kikohozi, hii ni baraka. Lakini ninyi sasa mutakunywa chai na nini?"

"Na mdomo," nyanya akajibu.

Jirani alicheka mpaka akashika mlango. Nyanya hakucheka, lakini tulipokuwa tukipanda ngazi nilimsikia akipumua kwa pua, namna anavyofanya akijizuia.

Tulipofika juu, aliniketisha mbele ya friji. "Sasa soma. Polepole. Ukiruka, nitajua." Nikasoma kuanzia juu. Mama alisimama kwenye jiko akiyapika yale majani ya maboga kwa maziwa na kitunguu, na kila nilipokwama kwenye neno, aliongeza bila kugeuka: hiyo ni siagi ya kutengenezwa, hapana, maembe anaweza, lakini kipande. Baadaye akaongeza mambo ambayo hayakuwamo kwenye karatasi, yale aliyoyaona kazini. Nyanya akauliza, mama akajibu. Majani karibu yaungue.

Kuanzia siku hiyo baba alipimia sukari mezani, mbele ya uji, na kuisoma namba kwa sauti. Nyanya hakujua kusoma Kiingereza, lakini namba alizijua. Chai ikawa ya tangawizi, chungu, na baba aliinywa akikunja uso kama mtoto. Baada ya chakula cha jioni tulitembea sote kwenye njia ya kando ya mto, majani yakivunjika chini ya viatu, nyanya akisimama kila mara kukagua magugu kama yanaliwa. Mama aliomba afundishwe kusuka. Kwao hawasuki viondo, na kitako chake cha kwanza kilitoka kama sufuria iliyokanyagwa na gari. Nyanya alikiweka juu ya televisheni kila mgeni akione. Nilikuwa naenda kulala nikiwasikia wawili hao wakibishana juu ya mbaazi, mama akisema "hapana, Mama" waziwazi, na nyanya akisema "haya basi, daktari."

Mwisho wa Novemba baba akaenda kliniki. Sukari ilikuwa imeshuka, si sana, lakini ya kutosha. Sindano zikaahirishwa. Alirudi akatuonyesha kile kidole gumba kilichokuwa na ganzi, akamwambia nyanya akifinye. Akakifinya kwa nguvu zake zote, na baba akapiga kelele, na hicho ndicho kilio nilichokifurahia kuliko vyote maishani mwangu. Januari nyanya akarudi Kitui. Hakuja tena.

Baba yu hai, ana miguu yote miwili. Anatumia vidonge, na huko Temple Hills tulikohamia ana bustani ya sukuma ambayo kulungu wanaila. Jirani wa Bukavu alihamia jimbo lingine, na jengo la Hyattsville limepakwa rangi ambayo siipendi. Mimi nimemaliza chuo, natafuta kazi, na barua moja ya maombi naiandika siku tatu. Mambo haya huondoka hivyo, moja moja, na mtu hayahesabu mpaka asimame kando ya barabara na taa za tahadhari zinawaka.

Nyanya alifariki mwaka juzi. Tulipigiwa simu asubuhi, na kwetu ilikuwa habari ya ghafla. Baadaye, kidogo kidogo, tukajua kwamba alikuwa ameugua miezi minane. Ndugu zetu walikuwa wanajua, majirani wanajua, hata kanisa lilikuwa linamwombea kila Jumapili. Walitunyamazia kwa sababu baba ana ugonjwa na mimi nilikuwa na mitihani. Hawakutaka tuhangaike. Shangazi alilieleza hilo kwa upole kabisa, na nilisikia katika sauti yake kwamba aliamini ametutendea wema.

Sikuweza kumkasirikia. Najua jinsi mtu anavyouruka mstari mmoja na kuendelea kusoma. Ila nyanya, aliyetubana na kutuuliza sote kule shambani mbele ya muuza asali, ndiye aliyekuwa amelala kitandani miezi minane, na hakuna aliyemuuliza yeye kama alitaka tujue.